Saluti ya Sajini Sankale

Kitengela,
9 Machi 1997

Kwa kaka yangu Munguti,

Pokea salamu zangu, za Baba, na za Munyiva wangu ambaye meno ya mbele yameng'oka na sasa anaringa na pengo kama amelinunua. Sisi ni wazima, ila miguu ya Baba bado inavimba na vumbi la huku haliishi. Barua yako ya Krismasi nimeipata juzi tu. Unajua sanduku la posta ni la Haibe wa dukani, na Haibe alienda Garissa kutafuta mbuzi, akaenda na ufunguo mfukoni. Nilimgombeza mbele ya wateja wake akacheka tu.

Mimi nashona sare za shule mpaka kidole kimeota sugu. Baba yeye anashinda kwenye kiti chake nje ya nyumba. Ile picha yako, ile umekaa mbele ndani ya ndege umevaa vile vitu vya masikio, ameitia kwa fremu na kuiweka juu ya redio. Kila anayeingia lazima aione kabla hajapewa kiti. Watu hapa siku hizi wanamwita Mzee Rubani, na mimi naitwa dada ya Kapteni. Mwalimu mkuu anaomba uje siku moja uongee na watoto, ukiwa umevaa nguo za kurukia.

Jambo lingine ni hili. Baba ametoa tena zile spana zake za tangu alipokuwa fundi Magadi kutoka chini ya kitanda, anazipaka mafuta. Nilipomwambia zinatujazia nyumba alininunia siku nzima. Anauliza, wewe ukitaka kuruka, nati za magurudumu hukazwa na nani? Nikamjibu kwamba rubani hashiki nati, kuna watu wa hiyo kazi. Nilimwambia ukweli, kaka? Hujawahi kutueleza vizuri kazi yako, na mimi sitaki kuzungumza nisiyoyajua.

Nijibu mapema.

Dada yako,
Kamene


Kambini,
6 Aprili 1997

Dada yangu Kamene,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe Baba pole ya miguu na umwambie aiinue juu ya kigoda akikaa. Mwambie Munyiva nitamletea peremende, ingawa sijui atazitafuna na nini.

Huku kazi ni nyingi lakini tunaishi vizuri. Kikosi chetu ni kama nyumba moja. Saa ya chai tunakaa chini kando ya banda la ndege, na sajini wetu, mtu wa Kajiado anayeitwa Sankale, ndiye anayemimina. Anaanza na aliye mdogo kabisa, sasa hivi ni Keynan, kijana wa kutoka Wajir, na yeye mwenyewe anakunywa mwisho. Anasema ameikuta desturi hiyo na ataiacha hivyo. Tuko na desturi nyingine pia. Mtu akikosea kwenye ndege, hangoji kuulizwa. Asubuhi anasimama mbele ya pua ya ndege, wote tukiwa tumepanga mstari, anasema alichokosea. Tunakitengeneza pamoja na hakisemwi tena milele. Mimi nimewahi kusimama hapo mara moja kwa ajili ya pini niliyoisahau. Lakini saa ya chai nilipewa chai kama kawaida.

Wiki hii tumerusha ndege kila asubuhi, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Kwa mwalimu mkuu, mwambie kazi zimebana. Hayo mengine uliyouliza tutaongea nikija likizo.

Ndugu yako,
Munguti wa Jeshi la Anga


Kitengela,
20 Julai 1997

Kwa kaka yangu mpendwa,

Nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Baba. Munyiva bado anamwekea kikombe. Natumai ulifika salama na kwamba unakula, maana siku ile ya mazishi sikukuona ukitia kitu mdomoni.

Nakuandikia hasa nikupe shukrani za kupeleka kwa wenzako. Sijawahi kuona kitu kama kile. Lori zima la watu, wanashuka, wanavaa ovaroli, wanauliza kaburi linachimbwa wapi. Unajua udongo wetu huu mweusi unavyoshika jembe. Vijana wa kanisa walitaka kusaidia wakakataliwa kwa upole. Yule kijana Msomali, Keynan, aliingia shimoni kabla ya wote. Mama Phylis wa kwaya alimwuliza kama dini yake inamruhusu, akajibu, “Mathe, huyu ni mzee wa beshte yangu, mi nachimba tu,” yaani baba wa rafiki yake, nikaelezwa baadaye. Tukacheka na kulia pamoja.

Na wewe ulipendeza na hiyo yunifomu ya sherehe, kaka. Mzee Joram aliposimama kama mzee wa kanisa akasema, “Huyu ndiye rubani wetu, Kapteni Munguti, na hawa ni vijana wake wa kumwoshea ndege,” nilisikia kifua kinajaa. Halafu yule mtu mzima wao mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa akapiga hatua mbele na ovaroli lake la matope, akakupigia saluti, akasema, “Ndiyo, Kapteni.” Kina mama walianza kulia upya. Hata Haibe alifuta macho.

Lakini mbona mliondoka upesi hivyo? Tulikuwa tumechinja. Chakula kilibaki, na wenzako walipanda lori bila hata kunawa. Wewe hukuniaga vizuri.

Kaburi limetiwa saruji. Nilimwambia fundi aandike kabla haijakauka: Ndulu, Baba wa Kapteni Munguti wa Jeshi la Anga. Imetokea vizuri, inasomeka hata ukiwa barabarani.

Dada yako,
Kamene


Kambini,
14 Septemba 1997

Dada Kamene,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Afya yangu ni nzuri na chakula nakula. Nafurahi kusikia Munyiva bado anamkumbuka babu yake.

Dada, mimi si rubani. Sijawahi kurusha ndege hata ya karatasi ikaenda mbali. Mimi ni fundi wa magurudumu na breki. Picha ile nilipigwa siku tukisafisha ndani ya ndege, kwa mchezo tu, nikawatumia bila kuandika neno. Baba aliposhangilia nikaona haya kumrudisha chini. Baadaye mkaanza kuniita Kapteni na mimi nikanyamaza, na kusema kweli, nilipenda.

Yule mtu mwenye masikio ni Sajini Sankale, mkubwa wangu. Wale wote mlioambiwa ni waosha ndege wangu ni mafundi wenzangu, na wengi wao wamenipita cheo. Sajini hampigii saluti mtu kama mimi. Haiko katika jeshi lolote. Alisikia ninavyoitwa, akanitazama aone nitasema nini, na mimi nikatazama viatu vyangu. Ndipo akapiga ile saluti mbele ya kanisa zima ili mimi nisiaibike juu ya jeneza la baba yangu. Matope yalikuwa yanamdondoka kiwikoni.

Ndani ya lori waliniachia benchi zima mpaka tukafika. Aliposhuka, Sajini aliniambia, “Saluti ile ilikuwa ya mzee. Isikudanganye.”

Hakuna aliyenitukana, dada. Ingekuwa afadhali. Saa ya chai nikifika wanasimama. Wananipa chai kwanza, kwenye kikombe chenye kisosi ambacho sijui walikitoa wapi, wanasema, “Karibu, Kapteni,” kisha wanahamia upande mwingine. Nakunywa peke yangu. Wamenitendea kama mkubwa, kwa sababu niliona haya kuwa mwenzao. Usiniulize naendeleaje.

Munguti


Kitengela,
12 Oktoba 1997

Munguti,

Salamu. Sisi wazima. Mvua imeanza vibaya.

Barua yako niliisomea dukani kwa Haibe nikakalia gunia la mchele bila kuombwa nikae. Mwanawe Mohamednur, yule anayetengeneza jenereta, akaniuliza kama kuna mtu amekufa tena. Nikamwambia hapana, ni joto.

Mwezi wa tatu nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mkono wangu mwenyewe kama nasema ukweli, nawe ukaniandikia habari za chai. Nimetembea hii Kitengela shingo juu mwaka mzima kwa ajili yako. Nimejibu watu kanisani mambo ya mawingu, mimi ambaye sijapanda hata ghorofa ya tatu. Nilikulea Mama alipotutoka, nikakufunza kufunga kamba za viatu, ukaona mimi ni mtu wa kufichwa.

Sasa unataka nifanye nini? Nipande juu ya kaburi la Baba na patasi, watu wakipita barabarani?

Kuna jambo lingine la Baba ambalo sitaliandika. Halitakusaidia.

Kamene


Kajiado,
7 Desemba 1997

Dada yangu,

Shikamoo, na leo naiandika kwa kumaanisha. Natumai mafuriko hayajaingia kwako na kwamba cherehani umeiinua kutoka sakafuni. Huku mnada wa mifugo umekuwa bwawa, ng'ombe wanauzwa wakiwa ndani ya maji.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa Sajini Sankale. Nilipopewa likizo sikuweza kuja kwako, nikamfuata yeye. Nilimkuta zizini akimfunga mbuzi mguu. Nilimwamkia kwa Kimaasai, “Sopa,” akaitika, kisha akaniacha nimesimama mvuani mpaka alipomaliza na mbuzi.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa vile aliitwa mwosha ndege.

Akasema, “Ero, kijana wangu, mimi nimeosha ndege miaka mingi kabla wewe ujue kunyoa. Hiyo si matusi. Shida ni uliangalia chini. Mimi niko na vijana kumi na nne pale, kila siku nawaambia hii kazi yetu ni ya heshima, ndege ikienda juu ni mikono yetu imeibeba. Sasa wameona mmoja wao anaificha kama mtoto wa nje. Nitawaambia nini?”

Mke wake alileta chai, na Sajini mwenyewe akamimina. Alinipa mimi, halafu wanawe, na nilijua ameniweka mahali pa mgeni.

Nikiwa namaliza akaniuliza, “Ukikosea kwa ndege, unasimama wapi?”

Nikasema, mbele ya pua ya ndege, mbele ya wote.

Akasema, “Basi hiyo ndege iko Kitengela.”

Dada, naomba umwombe Mzee Joram anipe nafasi Jumapili moja, katika Januari au Februari. Nitasema mbele ya walewale. Najua naomba mzigo ukuangukie wewe unayebaki nao huko. Lakini siwezi kunywa chai ile tena.

Na lile jambo la Baba, kama ni zito, niambie.

Ndugu yako,
Munguti


Kitengela,
18 Januari 1998

Munguti,

Salamu za mwaka mpya. Barua yako ilichelewa kwa sababu barabara ilikatika na Haibe hakuweza kufika posta. Munyiva ameanza darasa la pili. Cherehani ilipona, viatu vyangu vya kanisani havikupona.

Sikumwomba Mzee Joram nafasi yako. Nilijiombea mimi. Jumapili iliyopita nilisimama mbele nikawaambia kwamba wewe ni fundi, kwamba habari za urubani nilizitunga mimi kwa kupenda sifa, na kwamba wewe hukujua lolote mpaka siku ile ya mazishi, ukashindwa kunikana kwa huruma. Mzee Joram alikohoa tu. Mama Phylis amepeleka nguo za kwaya kwa fundi mwingine, si kitu, kitambaa chenyewe kilikuwa kibaya.

Nimekukasirikia lakini siwezi kukutazama ukivuliwa nguo mbele ya watu. Yameisha sasa. Usije. Mwambie Sajini wako kwamba imesemwa.

Dada yako,
Kamene


Kitengela,
8 Machi 1998

Kaka yangu,

Nimengoja nitulie ndipo niandike. Tuko wazima. Anayekusalimu kwa sauti kubwa ni Haibe, anasema siku ile ulipita dukani kwake kama upepo.

Barua yangu ya Januari hukuijibu, nikadhani umefurahi. Kumbe jibu lako ni kuingia kanisani ukiwa na ovaroli la kazi, lenye grisi, katikati ya matangazo. Mzee Joram alitaka kukuzuia nawe ukampita, ukasimama pale pale lilipokuwa jeneza.

Ulisema, “Mimi ni fundi wa magurudumu ya ndege. Dada yangu aliwaambia nilikuwa sijui. Nilijua. Yeye ndiye hakujua. Na wale waliomchimbia baba yangu kaburi ni wakubwa wangu na wenzangu, na niliwaacha mkawaita wafanyakazi wangu.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Joram alikuuliza polepole, “Hata yule aliyekupigia saluti?” Ukasema, “Hata yule ni sajini wangu.” Akainamisha kichwa, na mpaka leo ananiuliza njia ya kwenda Kajiado, anataka kumwona mtu huyo kabla hajafa. Wengine walicheka nje, sitakuficha. Watoto wa shule wanaigiza saluti kwa Munyiva, naye juzi amempiga mmoja wao.

Mimi uliniaibisha mara ya pili, maana sasa wanajua hata toba yangu ilikuwa uongo. Nilikaa nimejifunika leso. Lakini nilipolala nililala, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Oktoba.

Ulienda kaburini ukaondoka bila kula. Ningekuambia siku hiyo, nikashindwa. Sasa nitakuambia, kwa kuwa uliuliza.

Mwezi wa tano, kabla ya Baba kuzidiwa, alimwita Mohamednur wa Haibe. Aliniambia nizitoe zile spana zote za Magadi. Alikuwa amekuwekea wewe, Munguti. Tangu ulipoingia jeshini alikuwa anazipaka mafuta akikungoja useme neno. Nilipomwambia rubani hashiki nati ndipo alipokata tamaa. Alisema kumpa rubani spana ni kama kumtukana. Akampa Mohamednur, akamwonyesha kila moja kazi yake, kijana wa watu anaitikia tu. Kijana alipoondoka, Baba alilia kidogo. Akaniambia, “Mungu amenipa rubani, na mimi niliomba fundi.”

Ni mimi niliyemjibu vile, kwa hiyo mzigo huu tumeubeba wote wawili.

Niambie kama nimwombe Mohamednur azirudishe. Atakubali, ni mtoto mwenye heshima. Na niambie tuandike nini kaburini. Fundi wa saruji amesema ataifuta yote aandike upya.

Dada yako,
Kamene


Kambini,
29 Machi 1998

Dada yangu Kamene,

Nakuamkia wewe na Munyiva. Mwambie asipige watoto wa watu, na kama lazima apige, basi asiwe peke yake.

Barua yako nimeisoma nyuma ya banda la ndege. Nililia, na Sajini akaniona, akageuza njia. Nina haya, dada. Sijui nikuandikieje. Nilimnyima Baba kitu ambacho nilikuwa nacho mkononi kila siku. Ningeandika mstari mmoja tu, kwamba nati za magurudumu ni kazi yangu, na angekufa akifurahi. Hilo hakuna pua ya ndege ninayoweza kusimama mbele yake nikalisema kwake.

Uliwahi kunikasirikia kwa kukuandikia habari za chai, lakini niruhusu tena. Kisosi kimeondoka. Sikuwaeleza chochote niliporudi, ila Keynan ana shangazi Kitengela na habari zilifika kabla yangu. Hawakusimama nilipokuja. Sajini alianza na Keynan kama siku zote, na zamu yangu ilipofika alinipa bila kunitazama. Keynan akanisukumia sukari, akasema, “Fundi, chukua.” Nikatia vijiko viwili, nikakaa kando yake.

Usimwombe Mohamednur azirudishe. Baba alimpa mtu ambaye hakuona haya kuitwa fundi, na alipatia. Nikija Pasaka nitaenda dukani kwa Haibe nimwombe Mohamednur anionyeshe kila moja na kazi yake, kama alivyoonyeshwa. Mimi nitakuwa naitikia tu.

Kaburini waandike: Ndulu, Fundi. Jina langu waliache nje.

Sajini anauliza Mzee Joram atakuja lini, ili amchinjie yule mbuzi aliyepona mguu. Mwambie apande basi la Namanga ashuke Kajiado mjini, nitamngoja hapo.

Ndugu yako,
Munguti, fundi